Gari la Zamani Likianza Kutetemeka Ghafla

Maradhi ya injini ni ya namna mbili, na mwenye gari asiyeweza kuyatofautisha huenda akalipia ugonjwa asiokuwa nao. Yako maradhi yajayo polepole. Nguvu hupungua mwaka hadi mwaka, petroli huliwa zaidi, moshi huongezeka, hata siku moja mtu akatambua kwamba kilima alichozoea kukipanda kwa gia ya nne sasa hukipanda kwa gia ya tatu. Huo ni uchakavu. Na yako maradhi ya ghafla: jana gari lilikuwa zima, leo asubuhi linatetemeka kama mtu mwenye homa. Uchakavu haufanyi kazi yake kwa usiku mmoja. Lililozuka ghafla, aghlabu, ni jambo moja na tena dogo: kitu kimepasuka, kimechomoka, kimeziba au kimeingia maji.

Tumeona tuyaandike haya kwa sababu katika jamii yetu hapa Uingereza bado yapo magari ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo wenyewe huyatumia kila siku, wala hawakuyaweka kwa maonyesho. Kati yake Mercedes ni nyingi. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo lilizaa neno "wabenzi", kuwataja wakubwa waliokuwa wakipanda magari hayo. Hapa ughaibuni wabenzi wetu ni wastaafu wenye miwani na kofia za sufu, ambao hununua vipuri kimoja kimoja kadiri penseni inavyoruhusu. Umbo wanalolipenda zaidi ni lile liitwalo W123, lililotengenezwa tangu 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, nalo lilikaribia magari milioni 2.7. Yenye dizeli hayana habari na makala haya. Tunayoyakusudia ni yale ya petroli yenye herufi E nyuma ya namba, kama vile 230E na 280E, ambayo hayana kaburaeta.

Mwishoni mwa mwaka 2025 tuliletewa habari ya gari moja la aina hiyo, 230E la mwaka 1984, mali ya mzee mwenzetu wa London. Mzee huyu humpeleka mkewe hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Asubuhi moja ya baridi injini iliwaka kwa shida, na tangu saa ile ikawa haitulii. Gari likisimama kwenye taa za barabarani lilikuwa likitikisika hata kioo cha ndani kikawa hakionyeshi kitu. Mara mbili lilizima katikati ya njia, bibi akiwa kiti cha nyuma, amechoka, na magari yakipiga honi.

Gereji iliyo karibu nao ikalipokea. Fundi, kijana mwenye adabu na bidii, alitafuta mahali pa kuchomeka kompyuta yake ili gari lijieleze lenyewe, asipaone. Alibadilisha plagi. Akakaza skrubu moja ambayo tutaizungumza baadaye. Gari lilitulia siku mbili, kisha likarudia yale yale, na sasa likawa linanuka petroli. Hukumu ikatolewa kwamba chombo cha kugawa mafuta kimekufa, na kwamba kipya pamoja na kazi yake kitazidi pauni elfu moja. Watoto wa mzee walishauriana, wakaona gari lenye umri wa miaka arubaini na moja halistahili fedha hizo. Lipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hapo ndipo tulipoitwa, na hatukuitwa kama mafundi. Sisi tulisomesha fizikia miaka mingi, na kilichotakiwa kwetu kilikuwa ni kumsaidia mzee kuagana na gari lake. Lakini kabla ya kuagana tulipiga hesabu. Eneo la London linalotoza ushuru magari yachafuayo hewa lilienea mitaa yote ya mji tangu tarehe 29 Agosti 2023, na gari lisilotimiza viwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea humo. Gari likitimiza miaka 40 na likaandikishwa katika daraja la magari ya kihistoria husamehewa ushuru huo, husamehewa kodi ya barabara, na maadamu halikubadilishwa mno halilazimiki kupimwa kila mwaka. Magari yaliyotengenezwa mwaka 1984 yalifikia daraja hilo mwezi wa Aprili 2025. (Halijiandikishi lenyewe, lazima mwenyewe aombe; wako wenzetu walioendelea kulipa kwa kutojua.) Basi mzee alikuwa amelipa ushuru kwa subira, akafika kwenye msamaha, na miezi michache baadaye akaambiwa alitupe. Gari badala yake, lenye umri mdogo na linalotimiza viwango, lingegharimu maelfu.

Ili msomaji afuate tulivyotafuta, hana budi kwanza kujua gari hili hupimaje chakula chake. Injini ya petroli inataka hewa, petroli na cheche, kila kimoja kwa kadiri yake na kwa wakati wake, na inataka silinda zinazobana vizuri. Mfumo uliomo katika 230E hii uliitwa na watengenezaji wake, Bosch, kwa jina la K-Jetronic. Ulianza kutumika mwaka 1973, na haumo katika Mercedes pekee: umo katika Golf GTI za mwanzo, katika Volvo 240 nyingi, Saab 900 na Porsche 911 za zama hizo. Herufi K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya "bila kukatika", kwa kuwa nozo za mfumo huu hunyunyiza petroli mfululizo maadamu injini inazunguka, wala hazifunguki na kufungwa kwa zamu kama nozo za magari ya leo. Hakuna kompyuta inayopima mafuta. Ndiyo maana kijana yule hakupata pa kuchomeka waya wake.

Badala ya kompyuta kuna sahani. Hewa ikishapita katika chujio hukutana na sahani ya chuma ya mviringo, iliyofungwa kwenye mkono unaochezacheza. Injini ikivuta hewa nyingi, sahani husukumwa mbali; ikivuta kidogo, husogea kidogo. Mkono ule husukuma pini ndani ya chombo cha kugawa mafuta, na kwa kadiri pini inavyopanda ndivyo petroli inavyoachiliwa kwenda katika nozo nne, moja kwa kila silinda. Ni ufundi wa kupendeza, na tungekuwa bado darasani tungeuonyesha kwa wanafunzi.

Sasa tazama udhaifu wake. Sahani ni kama karani wa forodha aliyeketi mlangoni: huiandika hewa ipitayo mbele yake tu. Ikiwa nyuma yake upo ufa, hewa itaingia kwa njia ya magendo, na petroli ya kukutana nayo haitatolewa, kwa kuwa haikuandikwa popote. Mchanganyiko unakuwa hewa tele na petroli haba. Injini hutetemeka, hukohoa, pengine hupiga mshindo kwa ndani, na huzima. Na athari hii ni kubwa zaidi gari likiwa limesimama injini ikinguruma taratibu, kwa sababu wakati huo hewa halali ni kidogo, na ile ya magendo inakuwa sehemu kubwa ya jumla. Ukiwa kwenye barabara kuu, injini inavuta hewa nyingi mno hata ya ufa haihesabiki.

Hoja hii ndiyo iliyotuongoza. Tulimkalisha mzee kwenye chai tukamwomba atueleze gari lilikuwaje siku ya kwanza, kabla ya mkono wa mtu yeyote kuligusa. Tulisisitiza hilo, kwani baada ya kuguswa dalili huchanganyika, na mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa tatu hana tena uso wake wa asili.

"Mwalimu," akasema, "barabara kuu lilikwenda kama siku zote. Tabu ilikuwa ni kusimama."

Tukamwuliza kama siku ile ya kwanza kulitokea lolote jingine. Akafikiri.

"Lilipiga mshindo mmoja nilipoliwasha. Pu! Kama mtu aliyepasua mfuko wa karatasi. Kisha likawaka."

Je, hili alimwambia fundi? Hakuulizwa, na mzee wetu si mtu wa kusema asiloulizwa.

Mambo hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko mashine yoyote. Kama cheche zingekuwa dhaifu, injini ingelalamika zaidi inapobebeshwa mzigo, yaani kilimani na wakati wa kukanyaga mafuta, kwa sababu cheche hupata taabu zaidi kuruka silinda inapobana hewa nyingi. Kama petroli ingekuwa haifiki, kwa pampu kuchoka au chujio kuziba, gari lingefifia kwenye mwendo wa kasi, ambako petroli hutakiwa kwa wingi. Gari linalokimbia vizuri na kushindwa kusimama hutufanya tuishuku hewa kwanza. Hatusemi ni sheria isiyovunjika. Tunasema ni mahali pa kuanzia pasipogharimu hata senti.

Hata hivyo cheche hatukuziruka, maana kuzikagua ni rahisi. Swali la kwanza ni hili: ni silinda moja iliyolala, au zote nne zinaumwa pamoja? Sikio husaidia. Silinda moja ikilala, injini huchechemea kwa mdundo mmoja unaorudi, kama kiwete atembeaye. Zikiumwa zote, mtetemeko hauna mpangilio. Kuhakikisha, injini huzimwa, waya wa plagi moja ukachomolewa na kuchomekwa katika plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, kisha injini huwashwa kwa muda mfupi na kusikilizwa. Silinda iliyo hai ikinyimwa cheche, injini huzidi kutaabika. Silinda iliyolala ikinyimwa, hakuna kinachobadilika. Tunawasihi wasomaji wasichomoe waya hizi injini ikiwa inawaka, ingawa mafundi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo mbele yetu tukiwa wadogo. Umeme wa magari haya una volti maelfu kwa maelfu, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo ni hatari ya mauti. Na katika magari yenye kisafisha moshi kwenye ekzosi jaribio hili lisifanywe, kwani petroli isiyoungua hukiharibu.

Kwa 230E ya mzee, silinda zote nne zilijibu sawasawa. Basi plagi moja mbovu, waya mmoja mbovu au nozo moja iliyoziba vikatoka katika orodha kwa mara moja. Ugonjwa ulikuwa wa kitu ambacho silinda zote zinashirikiana.

Usiku tulifungua boneti tukazima taa za nje, tukaitazama kofia ya distributa na waya zake injini ikinguruma. Kofia iliyopasuka au iliyoshika unyevu, jambo la kawaida katika nchi hii ya mvua na ukungu, huonyesha gizani vimulimuli vya buluu vikitambaa juu yake. Hatukuona kitu. Asubuhi tuliifungua tukatazama ndani, ambako ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kalamu ya risasi. Ilikuwa safi.

Kipimo kilichofuata ni kile tunachokipenda zaidi kwa urahisi wake. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, kifungue kifuniko cha kutilia oili. Katika injini nzima ya mfumo huu, kufanya hivyo ni kuifungulia hewa mlango wa magendo kwa makusudi, kwa kuwa tumbo la injini limeunganishwa kwa mpira na njia ya hewa iliyo nyuma ya sahani. Injini itayumba, pengine itazima. Hiyo ni dalili ya afya. Injini isipojali, maana yake mlango mwingine umekwisha kufunguka mahali fulani. Tulikifungua, tukangoja. Mungurumo haukubadilika.

Kutoka hapo kazi ilikuwa ni kuutafuta ufa, na hapa subira ndiyo inayotakiwa. Mpira mnene uendao kwenye breki tuliubana kwa koleo iliyovingirishwa kitambaa, kwa kuwa kibuyu cha breki kikipasuka ndani huvuta hewa bila kuonekana, hakuna tofauti. Vimpira vyembamba vya kufunga milango tulivichomoa kwa zamu na kuziba tundu zake, kwani W123 hufunga milango yake yote kwa mvuto wa hewa, na kwa magari ya petroli mvuto huo hutoka kwenye injini. Hakuna tofauti. Pete za mpira zilizo shingoni mwa nozo zilikuwa zimekauka kama ganda la muwa, nasi tukazitia katika orodha ya kununuliwa, lakini zilikuwa zimekauka zote, na kavu ya miaka haielezi ugonjwa wa siku moja.

Wako wanaotafuta ufa kwa kupulizia petroli au dawa ya kusafishia kaburaeta juu ya injini inayowaka, na kusikiliza kama mungurumo utabadilika. Njia hiyo hufanya kazi, na imekwisha kuunguza magari. Jamaa yetu mmoja kijana ambaye kazi yake ni ufundi alituletea siku ya Jumamosi mashine ndogo ya kutia moshi. Injini huzimwa, moshi ukasukumwa ndani ya njia ya hewa, na mtu hutazama unakotokea. Ulichomoza chini kabisa, nyuma ya sahani, mahali ambapo pana mpira mnene uliokunjamana unaounganisha kipimo cha hewa na kilango kinachofunguliwa na mguu wa kasi. Kwa juu mpira huo ulikuwa mzima. Tulimwomba bibi kioo chake cha mkoba, tukakiingiza chini pamoja na tochi, na ndani ya mkunjo mmoja tukaona mpasuko wenye urefu wa kidole. Injini ikiwa imezimwa, kingo zake zilikutana kama midomo iliyofungwa. Ndiyo maana fundi hakuuona.

Sasa mshindo wa siku ya kwanza ukaeleweka. Mpira wa miaka arubaini ulikuwa umekakamaa. Asubuhi ya baridi mchanganyiko ulikuwa hafifu, moto ukarudi nyuma kwenye njia ya hewa, na nguvu ya mshindo ule ikaumalizia mpira kazi. Chombo cha kugawa mafuta hakikuwa na kosa lolote.

Tuirudie ile skrubu. Kati ya kipimo cha hewa na chombo cha kugawa mafuta kuna tundu jembamba, na chini yake skrubu inayozungushwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 3. Hiyo ndiyo inayoamua uwiano wa petroli na hewa kwa injini nzima. Mzunguko mdogo tu, mdogo kuliko dakika tano za mshale wa saa, huleta tofauti kubwa. Ni kishawishi kikuu kwa kila mwenye kushika spana, kwa sababu injini inayovuta hewa ya magendo ikiongezewa petroli hutulia kidogo, na mtu hudhani ameponya. Alichofanya ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Kwa gari la mzee, skrubu ilikazwa, injini ikatulia siku mbili, ufa ukazidi kufunguka, mtetemeko ukarudi. Kwenye barabara kuu, ambako hapo kwanza halikuwa na ila, sasa gari likawa linakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Plagi mpya zikawa nyeusi kwa masizi. Fundi alipoziona nyeusi alikata shauri kwamba chombo cha kugawa mafuta kinavujisha, na kwa ushahidi aliokuwa nao mkononi hatuwezi kumwita mjinga. Ila ushahidi huo aliuandika yeye mwenyewe kwa ufunguo wake.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba skrubu hiyo isiguswe mpaka ufa wote uzibwe, cheche ziwe sawa na presha ya petroli iwe imepimwa; na ikiguswa, iguswe na mwenye mashine ya kupima moshi wa ekzosi. Gereji zinazopima magari kila mwaka huwa nayo.

Presha tumeitaja, na kama mpira usingekuwa na hatia hapo ndipo tungekwenda. Pampu ya umeme iliyo chini ya gari kwa nyuma husukuma petroli kwa presha inayozidi kidogo bar 5. Kuna presha ya pili, inayotawaliwa na rigaleta ndogo iliyofungwa kwenye injini, ambayo huishusha injini ikiwa baridi ili petroli itoke kwa wingi, na kuipandisha hadi karibu bar 3 na nusu injini ikipata moto. Rigaleta ikikwama, gari huwa baya likiwa baridi na zuri likiwa moto, au kinyume chake, na hilo ni jambo la kumwuliza mwenye gari kabla ya kutoa spana. Iko pia nozo ya tano, ya kuwashia injini wakati wa baridi peke yake. Ikianza kuvuja, silinda zote hulishwa petroli zisiyoihitaji. Vyote hivi hupimwa kwa geji ya presha yenye bomba mbili na kilango kati yake. Bila geji hiyo, mtu anayetamka kwamba chombo cha kugawa mafuta kimekufa anakisia. Na tuongeze: ikiwa mtetemeko umeanza dakika chache baada ya kutia petroli, ishuku petroli yenyewe, pengine ina maji, ikiwa umeanza baada ya fundi kufanya kazi nyingine kabisa chini ya boneti, tafuta mpira aliousahau kuurudisha. Magari ya Mercedes yaliyofuata katikati ya miaka ya 1980 yana KE-Jetronic, ambayo ni mfumo huu huu ulioongezewa umeme, na kwa habari ya hewa ya magendo hayatofautiani.

Mpira mpya, vibanio vyake na pete nne za nozo havikufika pauni mia moja. Kazi ilichukua mchana mzima, kwa sababu kipimo cha hewa hakina budi kuinuliwa chote pamoja na chombo cha kugawa mafuta ili mpira ufikiwe. Jumatatu skrubu ilirekebishwa kwa mashine, na Jumanne bibi alipelekwa hospitali kwa gari lake. Mwana wa kiume, aliyekuwa amekwisha kuzungumza na mnunuzi wa vyuma, aliomba radhi kwa baba yake kwa kumnunulia seti ya matairi, na baba akayakubali bila ya kusema neno.

Tahadhari chache kwa watakaojaribu nyumbani. Petroli ya mfumo huu hubakia na presha hata injini ikiwa imezimwa, na ukilegeza bomba itaruka usoni. Kitambaa kiwekwe juu ya kiungo kwanza, na kizima-moto kiwe karibu. Kazi ifanywe nje, si ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu ya sumu ya moshi. Feni ya W123 huzungushwa na injini yenyewe: kanzu, skafu na tasbihi zikae mbali.

Kuhusu petroli, tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ni ile ya E10, yenye alkoholi hadi asilimia 10, na ile haipatani vyema na mipira na viungo vya magari ya umri huu. Petroli ya daraja la juu, yenye alkoholi isiyozidi asilimia 5, bado inauzwa kwenye vituo vingi. Ni ghali zaidi, lakini kwa gari linalotembea maili chache kwa wiki tofauti yake ni ndogo kuliko bei ya mpira mmoja.

Geji ya presha tuliyoitaja tumeinunua kwa mchango wa watu watatu, na imo katika kabati la ofisi ya jarida pamoja na karatasi ya maelezo tuliyoiandika kwa mkono. Anayeihitaji ataandikiwa jina lake katika daftari, na tunaomba irudishwe imefutwa petroli, na viungo vyake vyote viwemo.